Visiwa Vitatu vya Noonkopir

Tangazo kwa wananchi wote, wageni waalikwa, wazee wa ukoo, na samaki popote walipo: Kampuni ya Usafiri wa Majini ya Muteti na Wanawe ina fahari kuu kuzindua safari ya siku nzima itakayowafikisha abiria katika visiwa vitatu, kuwapa nafasi ya kuzamia na kutazama maajabu ya chini ya maji, na hatimaye kuwaonjesha mvinyo teule. Meli ni imara. Nahodha ana elimu ya sekondari.

Meli ilikuwa mlango wa choo chetu. Choo chenyewe kilititia mvua ya El Niño ilipokolea, mwaka wa tisini na saba, kikauacha mlango umeegemea ua bila kazi. Niliufunga kwa kamba juu ya mapipa manne ya mafuta, nikakata mti wa kusukumia, na jeshi la majini likawa tayari. Bahari ilikuwa Noonkopir, Kitengela, mahali ambapo udongo mweusi ukishashiba maji hauna pa kuyapeleka. Wanawe walikuwa bado hawajazaliwa. Elimu ya sekondari ilikuwa kidato cha pili, na matokeo yake sitayajadili hapa.

Wazo la visiwa lilitoka kwa Wakhungu, tuliyelala naye bweni moja. Babake alikuwa mtu wa benki, na likizo moja aliwapeleka Pwani. Wakhungu alirudi na hadithi ya boti iliyowapitisha kisiwa hadi kisiwa, wakivaa vioo machoni na bomba mdomoni kuchungulia samaki, na jioni watu wazima wakamiminiwa mvinyo wa kila rangi, wakaonja, wakatema.

"Wanatema?" tuliuliza.

"Wanatema."

Bweni zima liliuomboleza mvinyo huo. Mimi bahari nilikuwa nimeiona ubaoni tu, imepakwa chaki ya buluu kando ya Afrika. Kwa hiyo Mungu alipoamua kuileta mpaka mlangoni kwetu, sikuona sababu ya kumuuliza maswali.

Siku hizi nikirudi likizo nakuta majumba ya mawe yameota kila upande, na sauti za mashine za kuchomelea vyuma kutwa. Wakati ule, kati ya lami na nyumba yetu palikuwa na mabati machache, michongoma, na punda milia waliotoka mbugani wakati wa kiangazi kuja kutafuna ua wa jirani. Na dada yangu Nzula alikuwa bado yuko nyumbani. Nadhani ndicho ninachokikumbuka zaidi ninaposema "wakati ule".

Msomaji akiuliza nitajuaje kila alichowaza mtu katika hadithi hii, jibu ni fupi. Nyumba yetu ilikuwa ya mabati, vyumba viwili. Humo hata wazo lilisikika likigeuka kitandani.

*

Jumamosi hiyo, wiki moja kabla ya Krismasi, mama alikuwa ameamka na kuuliza swali moja mara nyingi.

"Baba Nzula, watafika?"

"Watafika."

"Na haya maji?"

"Nuhu alifika," alisema baba. Baba aliitwa Muthama, alikuwa fundi katika kiwanda cha saruji na mzee wa kanisa, na alikuwa na Biblia kwa kila mfuko uliovuja.

Waliokuwa wakingojewa ni wakwe. Kwetu Wakamba, msichana haozwi kwa maneno. Upande wa mume unaleta mbuzi wa ntheo, watatu, wakiwa hai, na katika ukoo wetu mmoja wao lazima awe beberu asiye na kilema. Wakishapokelewa na kuchinjwa, msichana amekuwa mke. Bila hao, hata akizaa watoto kumi kule aliko, ni mgeni aliyechelewa kurudi kwao. Pamoja na mbuzi huja kibuyu cha kaluvu, pombe ya asali, ambacho hakifunguliwi mpaka kifike mbele ya baba wa msichana. Baba yangu alikuwa ameokoka, hanywi, lakini alikubali kukiona.

Mama hakuwa na wasiwasi wa bure. Miaka mitatu kabla, watu fulani kutoka Kangundo walikuwa waje kwa ajili ya Nzula. Mama alipika, akaazima viti vya kanisa, akamsuka Nzula nywele kwa mikono yake. Jioni ilifika, wageni hawakufika. Majirani ndio walioitwa wakala chakula kisiharibike, na mwaka mzima uliofuata, mama akiwa kibandani kwake anauza sukuma wiki, hakukosa mtu wa kumwuliza kwa upole, "Mama Nzula, wale wageni walipatikana?"

Sasa Nzula alikuwa na miaka ishirini na tisa. Ndolo, makanika wa mji wa Wote, alikuwa mtu mpole aliyecheka polepole kana kwamba anaogopa kumaliza kicheko. Alimpenda Nzula, na Nzula alimpenda, na baada ya ntheo angemchukua.

Nzula alikuwa fundi wa nguo. Ndiye aliyekuja shuleni kila siku ya wazazi, kwa kuwa mama hangeweza kuacha kibanda na baba alikuwa zamu. Alikuja na chapati zimefungwa kwenye kitambaa chake cha kichwa, akakaa chini ya mti wa shule na kusema, "Kula, halafu unidanganye vile umekuwa mtu mzuri." Mimi nilikula, nikamdanganya, naye akacheka mpaka mwalimu wa zamu akageuka. Sanduku langu la shule halikufunga bila yeye kulikalia.

Asubuhi hiyo alinikuta nikikaza kamba za meli.

"Muteti, wewe ndiwe utaleta watu wangu?"

"Kampuni yetu haijawahi kupoteza abiria."

"Haijawahi kubeba abiria."

"Ndiyo maana haijapoteza."

Alicheka, akanishika sikio. "Leo usicheze. Leo tu. Umesikia?"

"Nimesikia," nilisema, na ni kweli kwamba nilisikia.

*

Wageni waliteremka kwenye lami wakiwa watatu. Wa kwanza Ndolo, amevaa suti ya kuazima ambayo mikono yake iliishia mapema. Wa pili mjomba wake Maweu, msemaji wa ukoo, mzee wa kofia na fimbo na meno ya bandia meupe kuliko shati lake. Wa tatu shangazi Kalunde, mama mfupi mnene aliyevaa raba nyeupe mpya. Pamoja nao mbuzi watatu na kibuyu kilichofungwa shingo kwa jani la mgomba.

"Sopa, nahodha!" vijana wawili wa Kimaasai waliokuwa wakichunga kando ya barabara walinisalimu kwa kelele. "Unapeleka hao Mombasa?"

"Ipa!" nikawajibu kwa heshima ya wadhifa wangu, kisha nikawageukia abiria. "Karibuni. Njia ya miguu imekuwa bahari. Tafadhali msiegemee upande mmoja."

Shangazi Kalunde aliizunguka meli, akaikagua, akaona mahali palipoandikwa kwa mkaa WANAUME.

"Huu si mlango wa choo?"

"Ulikuwa, shangazi. Umepandishwa cheo."

"Mimi na mlango wa choo hatujuani hivyo," alisema. "Endeni. Mimi nakunywa chai hapo kwa hoteli. Maji ikipungua nitakuja."

Hakuna aliyeweza kumshawishi. Tukaondoka sisi watatu na mbuzi, mimi nikisukuma kwa mti, Maweu amekaa katikati kwenye kiti cha kanisa kama gavana wa kikoloni. Maji yalifika kiunoni tu, lakini chini yake kulikuwa na tope linaloshika mguu na kudai kiatu.

Kisiwa cha kwanza kilikuwa lundo la kokoto la kanisa letu ambalo lilikuwa likijengwa tangu nizaliwe. Nilitia nanga, yaani jiwe, nikatangaza: "Kisiwa cha Kokoto. Abiria wanaweza kushuka kunyoosha miguu na kupiga picha."

"Kwa nini tunasimama?" aliuliza Ndolo. "Nyumba si ndio ile naona?"

Kweli mabati yetu yalionekana. "Kuna mkondo," nilisema kwa sauti ya chini. "Lazima tuzunguke." Neno mkondo lilikuwa la jiografia, na lilifanya kazi yake.

Mvua ilianza kunyunyiza. Maweu alikitazama kibuyu kwa mashaka, akalegeza jani la mgomba.

"Maji ikiingia hii kitu inaharibika," alisema. "Wacha nione kama imeingia."

Alionja, akafumba macho.

"Imeingia?" aliuliza Ndolo.

"Siwezi kuwa na hakika." Akaonja tena.

"Mjomba, hiyo haifunguliwi njiani."

"Nafungua mimi? Naikagua." Akafunga jani, akapangusa mdomo, na uso wake ukawa wa msemaji tena. "Sikiliza, Ndolo. Mimi nilisema tangu mwanzo, msichana wa huku mbali ni shida. Nimekuja kwa sababu ya marehemu babako. Lakini ujue, mbuzi wa ntheo hawarudi nyumbani. Wakirudi leo, na maneno yamerudi nao. Hakuna kuja mara ya pili. Mimi sitakuja, na hakuna mzee mwingine atakuja."

"Mvua haihesabiwi, mjomba."

"Mvua ndio inahesabiwa kuliko zote. Mungu akifunga njia, wewe unataka kupita wapi?"

Ndolo alishika kamba za mbuzi kwa mikono miwili, suti imemlowa na kumshika mgongo.

Nami nahodha, niliyekuwa nikijiandaa kutangaza vivutio vya kisiwa cha pili, nilisahau tangazo lenyewe. Hawarudi? Hakuna aliyeniambia. Nilijua ntheo kama unavyojua wimbo wa taifa, maneno yote na maana kidogo. Niling'oa nanga kwa haraka hata mapipa yakagongana.

"Mkondo umepungua," nilisema. "Twende moja kwa moja."

*

Hatukwenda moja kwa moja. Kati yetu na nyumbani kulikuwa na mwinuko ambapo Burhan, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Garissa, alikuwa ameweka mifugo yake ikingoja soko. Nilisukuma kwa nguvu mno, na mlango wa choo una tabia yake: ukikazwa upande huu unageuka ule. Tukaenda kugonga ufuo wa Burhan. Beberu, kiongozi wa ujumbe, alisikia harufu ya majike, akaruka, akachukua kamba na kipande cha ngozi ya kiganja cha Ndolo, akapotelea katika kundi la mbuzi weupe wenye vichwa vyeusi, naye alikuwa mweupe mwenye kichwa cheusi.

"Shika! Shi—" alipiga kelele Maweu, na kabla neno halijaisha, meno yalimtoka mdomoni yakaingia majini. Tulisikia *chubwi* ndogo, ya adabu.

Mzee alifunika mdomo kwa kofia. Msemaji wa ukoo bila meno ni mzee tu mwenye fimbo.

"Meho yagu," alisema ndani ya kofia.

Wakhungu alikuwa na kioo na bomba la dukani. Mimi nilivunja bua la jani la mpapai lililokuwa likielea, nikaliweka mdomoni, nikazama. Maajabu ya chini ya maji ya Noonkopir ni haya: weusi, kisha weusi mwingine, kisha kitu laini ambacho ni afadhali usijue ni nini. Nilipapasa. Nilipata kandambili, nikapata nusu ya sufuria, nikavuta hewa yenye utomvu wa mpapai, nikazama tena. Mwishowe meno yenyewe ndiyo yaliyonipata. Yaliniuma kidole cha mguu.

Maweu aliyasuuza. Kwa kitu gani? Kwa kaluvu, kwa sababu ndicho kioevu safi pekee tulichokuwa nacho. Na baada ya kuyasuuza hakuona haja ya kutema.

Burhan alikuwa amesimama akitutazama, amevaa kikoi, ameshika mswaki wa mti mdomoni.

"Walahi," alisema. "Nyinyi mnatoka wapi na hiyo kitu?"

"Barabarani," alisema Ndolo. "Tunapeleka ntheo kwa Mzee Muthama. Mbuzi yetu imeingia kwa zako."

"Barabarani? Na kwa nini mnapita kwa maji, kwani ile—"

"Burhan!" nilimkatiza. "Mbuzi! Tusaidie mbuzi kwanza!"

Alinitazama kidogo, akatoa mswaki mdomoni, akaurudisha.

Tulitafuta. Ndolo alishika mmoja, Burhan akasema ni wake. Alishika mwingine, akawa jike. Mbuzi walizunguka kama waliofundishwa, na suti ya Ndolo ilipata tope mpaka kwenye kola. Burhan hakuwa na haraka wala hasira. "Mzee, hii kazi si ya kukimbia. Wakitulia atajulikana." Lakini Maweu, aliyekuwa akitetemeka kwa baridi na kuidhibiti kwa kukagua kibuyu, alisema kwamba saa za ntheo zinapita, na kwamba twende na wawili tuone aibu yetu mpaka mwisho.

*

Kisiwa cha tatu kilikuwa kwetu.

Wazee wa upande wetu walikuwa wameketi kwenye baraza, magoti pamoja, kwa sababu bati lilivuja pembeni. Majirani walisimama kando ya ua, waliokuja kusaidia na waliokuja kuona. Mama alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Alipotuona tukitokea alisema "Asante Yesu" kwa sauti, kisha akahesabu mbuzi, na midomo yake ikabaki wazi.

Maweu alisimama, akatoa salamu, akaeleza kuhusu mvua na mkondo. Alieleza vizuri, ila aliyumba kidogo upande wa mkondo. Kisha akamkabidhi baba kibuyu. Baba alikipokea kwa mikono miwili, kikapanda juu ghafla kwa wepesi wake. Akakitikisa. Kilicheka chini kabisa.

"Hii ni salamu au ni masalio?" aliuliza mzee mmoja wa upande wetu.

"Na beberu yuko wapi?" aliuliza mwingine.

"Amebaki njiani," alisema Ndolo. "Nitamleta kesho, wazee. Nitamleta kwa mgongo."

"Kesho si ntheo. Kesho ni mtu ameleta mbuzi."

Kando ya ua mtu alikohoa kikohozi chenye kicheko ndani yake. Maweu alipiga fimbo chini.

"Basi nimesema yangu na yamekataliwa. Ndolo, shika hao wawili. Tunarudi."

"Mjomba, ngoja."

"Nimengoja kwa kokoto. Nimengoja kwa mbuzi. Nimemeza maji ya hii mtaa. Tunarudi."

Ndolo hakuzishika kamba. Alibaki katikati ya ua, mikono mifupi ya suti ikidondosha maji, akimtazama baba, na baba, ambaye kwa kila jambo alikuwa na aya, akawatazama mbuzi.

Ndipo niliona alichofanya mama. Hakulia, wala hakumsihi mtu. Alikwenda jikoni, akafunua sufuria, akarudi mlangoni na mwiko mkononi, akawaambia majirani kwa sauti ya kawaida kabisa, "Leteni sahani. Chakula kisiharibike."

Nyuma yake, kwenye pazia, Nzula alikuwa akivua herini. Alivua ya kushoto, akaishika kiganjani, akaanza kuvua ya kulia. Vidole vyake havikuipata haraka.

Majirani walizichukua sahani. Hakuna aliyeanza kula. Na katika utulivu huo sauti ilitoka nyuma ya nyumba, upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama.

"Hodi hapa! Hodi kwa wenye harusi!"

Alikuwa Burhan, na nyuma yake shangazi Kalunde, na nyuma ya Kalunde, bila kamba wala fimbo, beberu.

"Huyu mama amenikuta nikipanga mbuzi," alisema Burhan. "Ameita mara moja tu, hii ikatoka katikati ya zote ikamfuata kama mtoto."

"Si mimi nilimlea na maziwa ya chupa, mamake akakufa?" alisema Kalunde. "Ningeita, akose kuja?" Akamgeukia mama yangu. "Mwaitu, mbona mmesimama na sahani kama mko kwa matanga?"

Beberu alitembea kwa miguu yake mwenyewe mpaka katikati ya ua, akasimama kando ya wenzake wawili. Wazee walimzunguka, wakamwangalia pembe, kwato na macho. Mzee aliyeuliza kuhusu masalio aligeuka kwa baba.

"Muthama, hawa ni watatu."

"Ni watatu," alisema baba. "Karibuni ndani, wakwe zangu."

Mama aliangusha mwiko, vigelegele vikapanda kama vilikuwa vimefungiwa mahali tangu miaka mitatu iliyopita. Ndolo alianza kucheka, na safari hii akakimaliza kicheko. Nilivuta pumzi nikajua nimeokoka. Nilikuwa nimeanza hata kuandaa hotuba fupi kwa niaba ya Kampuni.

Kisha baba akatazama miguu ya shangazi Kalunde.

Sisi wote tulikuwa na tope mpaka mapajani. Maweu alikuwa na tope kwenye kofia. Raba za Kalunde zilikuwa nyeupe kama zilivyotoka dukani.

"Mama," baba alimwambia kwa heshima, "wewe umepita wapi?"

"Kwa tuta la shimo la mawe. Watu wa hoteli wamenionyesha. Kwani kuna njia ingine?"

"Ndio nilikuwa nauliza hawa," alisema Burhan. "Ile njia inapita kwangu, iko kavu tangu juzi. Nikashangaa."

Vigelegele vilizimika kimoja kimoja. Baba aligeuka, akanitafuta, akanipata.

"Muteti. Asubuhi nilikutuma uangalie njia ya tuta."

"Ndiyo, Nau," nilimwita baba kwa Kikamba.

"Ukarudi ukaniambia nini?"

Msomaji mpendwa, naona kuna jambo dogo sikukueleza. Lilinipitia, kwa sababu ya shughuli nyingi za kampuni.

"Nilisema imekatika."

"Ilikuwa imekatika?"

Nilitazama mawingu. Hayakuwa na msaada. "Haikuwa na hata dimbwi, Nau."

Maweu alitoa sauti kama ya beberu. Baba alishika mkanda wake. Mama alisema jina langu kamili, lile la ubatizo, ambalo silitumii. Lakini Nzula alikuwa ameshatoka penye pazia, herini moja sikioni na nyingine mkononi, akaja mpaka mbele yangu.

"Ni hiyo mashua, si ndio?" aliuliza polepole. "Ile hadithi ya Wakhungu. Ulitaka tu kucheza bahari."

Alikuwa akinifungulia mlango. Ningesema ndiyo, ningechapwa, na jioni wangenicheka, na ingekuwa mzaha mkubwa kuliko yote niliyowahi kufanya. Nilifungua mdomo nitoe tangazo. Nikamwona ameshika ile herini, tayari kuivaa tena.

"Hapana," nilisema. "Nilitaka wakose njia, warudi. Nilidhani watakuja tena. Sikujua kwamba mbuzi hawarudi."

"Warudi kwa nini? Ndolo amekukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Sasa?"

Wakwe walikuwa wananitazama, na wazee, na Burhan na mswaki wake, na majirani wote na sahani tupu mikononi.

"Nilitaka wachelewe kukuchukua," nilisema. "Si sana. Muhula mmoja. Mpaka Pasaka tu."